Chupa Niliyoizungusha Mkutanoni

Katika miaka yangu yote ya maabara sijashika kitu kidogo kilichonitia kiburi kikubwa kama ile chupa. Ilikuwa fupi kuliko kidole changu cha mwisho, ya kioo kisicho na rangi, na ndani yake mlikuwa na maji ya njano iliyokaribia kijani, kiasi ambacho ungekimimina kwenye kijiko cha chai kisingejaa. Ilikuja imeviringishwa karatasi ya kung'aa kama ile ya ndani ya pakiti ya sigara, na juu yake karatasi nyeusi. Daktari wa utafiti aliponieleza matunzo yake alitumia maneno mawili tu: giza na baridi. Nikamwambia asiwe na shaka. Sikuwa mtu wa kuambiwa jambo mara mbili, na nilipenda watu walijue hilo.

Siku hizi vitabu vinaiita kingamwili. Wakati ule sisi tuliiita dawa ya rangi, jina nililolianzisha mimi mwenyewe na nililolijutia baadaye, kwa sababu haikuwa dawa na haikumponya mtu yeyote. Kazi yake ilikuwa kuonyesha. Katika damu kuna chembe nyekundu na kuna chembe nyeupe, na hizo nyeupe tulizoea kuziita askari tulipozungumza na akina mama. Askari hao si wa aina moja, lakini ukiwatazama kwa hadubini ya kawaida utashindwa kuwatofautisha. Baadhi yao wana kitu kwenye ngozi yao ya nje, kipokezi, ambacho wenzao hawana. Kingamwili hiki kilitengenezwa ng'ambo ili kishike kipokezi hicho kimoja na kuvipita vingine vyote, na mgongoni kilikuwa kimefungwa rangi. Unakichanganya na damu, unasubiri, unaosha, kisha unatazama ndani ya chumba cha giza kwa hadubini yenye taa ya bluu. Askari wenye kile kipokezi wanawaka kijani. Wasio nacho hawaonekani. Unahesabu, basi.

Nilikuwa msaidizi wa maabara katika hospitali ndogo ya vilimani, upande wa Igamba, mwanzoni mwa miaka ya themanini. Umri wangu ulikuwa umevuka thelathini, sina mume, nina makoti meupe mawili na mdomo usiotulia. Friji yetu ilikuwa ya mafuta ya taa, na mafuta ya taa yalikuwa ya kutafuta kwa tochi. Jenereta iliwashwa siku za upasuaji, na siku daktari wa utafiti alipokuwa na dizeli yake mwenyewe.

Huyo daktari wa utafiti alitoka chuo kikuu, Dar es Salaam. Alikuwa mtu wa Kanda ya Ziwa, mrefu, mpole, anayevaa sweta mbili kwa baridi yetu. Alikuja na Land Rover iliyobeba hadubini ndani ya magodoro, akaomba chumba cha stoo, akatundika mablanketi dirishani. Swali lake lilikuwa jepesi kulisema. Watoto wawili wanalala nyumba moja, wanaumwa na mbu wale wale. Kwa nini mmoja anapata homa na wiki ijayo yuko mtoni anaogelea, na mwingine homa zinamrudia mpaka zinammaliza? Alidhani huenda huyo wa pili ana askari wachache wa ile aina yenye kipokezi. Alitaka kuwahesabu.

Mimi swali hilo nilikuwa nalipenda tu kama kazi, mpaka alipokuja mama mmoja kutoka Msangano. Msangano ni kwa Wanamwanga, bondeni kwenye joto, na alikuwa ameolewa huko. Alikuwa amezika watoto wawili, na wote wawili walikufa kwa homa katika mwaka walioanza darasa la kwanza. Alipobaki na binti mmoja, alifunga mzigo akapanda vilimani kwa dada yake, katika kijiji chetu. Binti alikuwa na miaka saba, anakaribia minane. Miaka ile kila mtoto ilibidi aandikishwe shule, na mwalimu mkuu alikwisha kuja kumtafuta mara mbili. Mara zote mbili mtoto alifichwa ghalani, nyuma ya mahindi.

"Wa kwanza alianguka shuleni," aliniambia yule mama siku aliyokuja maabara. Tuliongea Kiswahili kwa kuwa Kinyiha changu hakikumwingia na Kinamwanga chake kilinipita. "Wa pili alianguka njiani akirudi. Huyu simpeleki, dada, hata waje na mgambo. Mpaka mnieleze damu yake ina nini."

"Tutakueleza," nikasema.

Nililisema neno hilo kwa urahisi, kama mtu anayeahidi kuleta chumvi akirudi sokoni. Mama akaondoka, na tangu siku hiyo kila tulipokutana kisimani aliniuliza kitu kimoja, kama ile dawa ya rangi imefika.

Ilifika kwa njia ya Zambia. Rafiki wa daktari aliyekuwa Lusaka aliipokea kwenye ndege, akaiweka katika kasha la baridi, akalipakia basi la kuja Nakonde. Daktari alinituma mimi kuipokea kwa sababu nilikuwa na shangazi Tunduma na kwa sababu, alisema, ninajua kugombana. Nilivuka mpaka asubuhi kwa miguu. Mwanamke mwenye duka karibu na kituo cha basi alinisalimu kwa Kibemba, "Mwapoleni mukwai," akanikabidhi kasha akiwa amelishika mbali na mwili wake, nami nikarudi nalo upande wetu nikiwa nimelikumbatia kama bi harusi na sanduku lake.

Ilikuwa miaka ya kuwasaka walanguzi. Sabuni, mafuta ya kupikia, hata dawa ya meno, vyote vilivuka pale mpakani vimefichwa chini ya khanga, na ofisa wa forodha hakuamini umbo la mwanamke yeyote. Alikuwa mtu wa makamo, amechoka.

"Fungua," akasema.

"Haifunguliwi kwenye mwanga."

"Dada, kila anayepita hapa ana kitu kisichofunguliwa kwenye mwanga. Ndiyo kazi yangu."

Nikampa barua ya chuo kikuu. Akaisoma kutoka juu kwenda chini, kisha akarudia. Nikamwambia akifungua hapa, kitu kilichotoka nchi za mbali kwa ndege kitaharibika mbele ya macho yake, na mimi nitaandika jina lake kwenye ripoti. Sikuwa na ripoti yoyote. Mwishoni nikampa shauri: twende kwenye stoo yake, tufunge mlango, apapase kwa mkono. Tulikwenda. Katika giza la stoo ile, katikati ya magunia yaliyokamatwa, nilimwekea mkononi kile kichupa na karatasi zake.

"Hii tu?"

"Hii tu."

"Umenibishia nusu saa kwa ajili ya hii?"

Alitoka akagonga muhuri kwenye barua kwamba mzigo umekaguliwa na kuonekana. Nilicheka mpaka stendi. Mfanyabiashara mmoja wa Kigoma, mwenye friji ya soda, alinipa barafu bila kuuliza ni ya nini na kuniombea dua ya safari. Nilipanda lori la kwenda Vwawa nikiwa nimelipakata kasha, nikiona kwamba katika mkoa mzima hakuna mtu mwenye akili kama mimi.

Siku iliyofuata daktari aliwasha jenereta. Alisema tuanze na damu ya mtu mzima ambaye hana ugonjwa, ili tujue dawa inafanya kazi. Nikakunja mkono wa koti langu. Baada ya kuchanganya na kusubiri na kuosha, tukaingia stoo, tukashusha mablanketi, akaniachia niangalie wa kwanza.

Walikuwepo. Duara ndogo za kijani, kila moja ikiwa na ukingo unaong'aa, zimetawanyika kwenye weusi. Nilikaa kwenye kigoda nikashindwa kusema, jambo ambalo daktari alinitania nalo kwa wiki nzima. Nilikuwa nimewatoa watu damu kwa miaka minane, nimehesabu chembe mpaka macho yakauma, na sikuwahi kufikiri kwamba ndani yangu mna kitu kizuri. Nilifurahi sana, na sioni haya kusema kwamba nilitokwa na machozi. Siku zile zilizofuata tuliwapima watoto watano wa kijiji, na wote waliwaka vizuri. Kisha dizeli ikaisha, na daktari akaenda Mbeya kuomba kibali cha dizeli nyingine.

Alipokuwa Mbeya ndipo maneno yalipoanza. Watu walikuwa wamekwisha kuniona nikirudi Tunduma na kasha lisilofunguliwa. Walijua kuna chumba chenye mablanketi dirishani. Waliwaona watoto wakiingia hospitalini wazima na kutoka wamebana pamba mkononi. Ukijumlisha hayo, huhitaji shule kufika kwenye neno mumiani, mnyonya damu za watu. Kwanza neno hilo lilisemwa na watoto, wakinikimbia kwa kucheka. Kisha mama mmoja aliyekuwa ameahidi kumleta mwanawe akaja kusema mtoto amesafiri. Wa pili akasema hivyo hivyo. Ndani ya siku nne orodha yangu yote ilikuwa imesafiri, isipokuwa yule binti wa Msangano, na hata huyo, mama yake alikuwa akizuiwa na dada yake.

Mwenyekiti wa kijiji alinijia maabara, akavua kofia. Alikuwa mtu mwadilifu mno, na hotuba zake zilikuwa ndefu kwa kadiri ya uadilifu wake. Alikuwa na desturi moja iliyompatia heshima. Zamani, kabla yake, viongozi waligawana mablanketi yaliyotumwa kwa ajili ya kijiji, na yeye alipochaguliwa aliapa kwamba kitu chochote kitakachofika kwa jina la kijiji kitapita kwanza mikononi mwa watu, mkutanoni, kabla hakijaanza kazi. Mkanda wa mashine ya kusaga ulipita hivyo. Mbegu zilipita. Mbolea ilipita kwenye sahani, na bibi mmoja akailamba.

"Ndugu, mimi nakuamini," aliniambia. "Lakini watu hawakunichagua niamini kwa niaba yao. Ilete mkutanoni waione."

"Haitakiwi kuona jua, Ndugu Mwenyekiti."

"Kwa muda gani?"

Hapo ndipo nilipokosea, na ninapajua kama ninavyojua mlango wa nyumba yangu. Ningesema haitakiwi hata dakika moja. Ningesema wasubiri daktari arudi na dizeli, tuwaingize stoo wanne wanne watazame wenyewe. Lakini orodha yangu ilikuwa inayeyuka, nilikuwa nimechoka kukimbiwa na watoto, na zaidi ya yote nilitaka kijiji kiione ile chupa mkononi mwangu. Wamenijua tangu nikiwa msichana wa kuosha vioo. Nikamwambia, kwa muda mfupi haina neno.

Mkutano ulikuwa kwenye uwanja wa shule, mwezi wa saba, anga limefagiliwa na upepo na jua kali juu ya baridi. Nilisimama na koti langu jeupe, nikafungua karatasi nyeusi, nikafungua ile ya kung'aa, nikaieleza dawa ya rangi. Nilieleza vizuri. Watu walicheka nilipotaka wacheke. Kisha mwenyekiti akaichukua, akaitazama, akampa aliyekaa karibu naye, na ikaanza kwenda.

Nilidhani ingezunguka kama dakika kumi. Lakini mwenyekiti, kwa kuwa watu walikuwa wengi, aliona vema kuanza na mambo ya shamba la kijiji, na ya kahawa, na ya choo cha shule ambacho hakijaisha. Chupa ikawa inatembea polepole kwenye mabenchi huku yeye akihutubia. Na kila aliyeishika aliinua juu, akaiweka mbele ya jua, akafumba jicho moja. Ndivyo kila mtu kwetu alivyokuwa anakagua mafuta ya taa miaka ile, maana wauzaji walichanganya maji, na njia ya kuyaona maji ni kuinua chupa juani na kuigeuza taratibu. Wanaume waliigeuza. Wanawake waliigeuza zaidi. Mmoja akauliza ni mkojo wa kitu gani, benchi lote likacheka, na mimi nikacheka nao huku nikihesabu mabenchi yaliyobaki. Ningeweza kwenda kuichukua. Nilikuwa nimesimama hatua kumi kutoka pale. Nilijiambia nikiinyakua sasa nitathibitisha kila walichosema.

Yule mama wa Msangano alikuwa wa mwisho kabisa. Aliishika muda mrefu kuliko wote. Aligeuza, akatikisa, akaweka tena juani. Kisha akasimama, na ingawa alikuwa mgeni asiyesema mikutanoni, alisema kwa sauti.

"Humu hamna damu ya mtu. Nimeona."

Hapo uwanja ulitulia. Nilipoifunga tena ile chupa kwenye karatasi zake, akina mama walikwisha kuanza kunipa majina ya watoto wao. Niliirudisha kwenye friji. Maji yalikuwa bado ya njano inayokaribia kijani, na mimi nikajiambia kwamba rangi naiona, kwa hiyo ipo.

Daktari alirudi na madebe mawili ya dizeli. Asubuhi yake alikuwa na haraka, akaniambia tuanze na yule binti kwa sababu mama yake amesubiri kuliko wote.

"Dawa imekaa gizani?" aliuliza akiwa anavaa koti.

"Imekaa kwenye friji, daktari."

Kila neno katika jibu lile lilikuwa la kweli. Aliniambia pia nipime damu yangu pamoja na ya mtoto, kama siku ya kwanza, nami nikasema tuiache yangu, tubane matone, chupa ni ndogo. Akakubali kwa kuwa aliniamini.

Binti hakulia alipochomwa. Alitazama sindano ikijaa, akauliza kama hiyo yote ni yake. Tulichanganya, tukasubiri, tukaosha. Ndani ya stoo daktari alitazama kwa muda mrefu kisha akanipisha. Niliona weusi, na katika weusi duara mbili tatu za kijani kilichofifia, na nafasi kubwa tupu katikati yake. Akakaa tena akahesabu mara mbili. Nikaanza kukusanya vioo. Ningependa kuandika kwamba sikuelewa, lakini nilielewa mara moja.

Alitoka akaenda kukaa kwenye benchi la veranda na yule mama. Mimi nilibaki maabara kuosha vioo, dirisha likiwa wazi, na niliwasikia wote wawili. Daktari alisema taratibu, kwa maneno mepesi, kwamba askari wa aina ile katika damu ya mtoto ni wachache mno, na homa zikimjia hana wa kutosha kumpigania. Alisema ataandika barua aende hospitali kubwa. Alisema asimchoshe.

Mama akamgeukia.

"Na wale wawili?" akauliza.

"Huenda nao walikuwa hivyo. Siwezi kuwa na hakika."

"Kwa hiyo niliwazaa hivyo," akasema. "Si shule. Si njia. Ni mimi niliwazaa hivyo."

Daktari alimjibu jambo, sikulisikia. Nilimwona yule mama kupitia dirisha akimwita mwanawe, akimbeba mgongoni, binti mkubwa wa miaka saba ambaye miguu yake ilining'inia karibu na magoti ya mama, akimfunga khanga kama mtoto mchanga. Akaondoka namna hiyo kwenye njia ya kijijini. Daktari akaenda wodini.

Nilikunja mkono wa koti nikajichoma mwenyewe. Si rahisi kujitoa damu kwa mkono mmoja, na nilijitia michubuko miwili kabla ya kupata mshipa. Nikachanganya, nikasubiri nusu saa nzima bila kukaa, nikaosha. Nikaingia stoo. Siku ile ya kwanza askari wangu walijaa kila upande. Sasa walikuwa wawili watatu, wamefifia, na nafasi kubwa tupu. Nilikuwa mzima kama siku ile ya kwanza. Kilichokuwa kimekwisha ni ile rangi, imeunguzwa na jua kule mkutanoni, benchi baada ya benchi.

Nilimkuta daktari akinawa mikono. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama.

"Ilikaa juani muda gani?" akauliza.

"Mkutano mzima."

"Mkutano wa huyu mwenyekiti wenu?"

"Ndiyo."

Alifumba macho. Alikwisha kuhudhuria mmoja. Kisha akauliza, "Ulijua inaharibika?"

"Nilijua."

"Ungesema hukujua ningekufukuza leo." Akajifuta mikono, kidole kimoja kimoja. "Chupa nyingine ni ya kuomba ng'ambo, na sijui kama watanipa. Usimwahidi mtu. Nani atakwenda kwa yule mama?"

Nikasema nitakwenda mimi. Alitaka kuja pia, kwa kuwa ni yeye aliyetamka yale maneno, lakini nikamwomba aniachie. Niliogopa kwamba mbele yake nitaongea Kiswahili cha hospitali.

Nilimkuta nyuma ya nyumba ya dada yake, amekaa kwenye mkeka akipukuchua maharage, na binti amelazwa kando amefunikwa blanketi ingawa hakuwa na homa. Mtoto alikuwa macho kabisa, amechoka kulala. Nilikaa chini kwenye majani na koti langu. Nilimweleza kwa maneno machache niliyoyapata. Kwamba ile rangi inakufa juani. Kwamba nilijua. Kwamba niliitoa mkutanoni hata hivyo, ikazunguka, ikafa. Kwamba damu yangu mwenyewe leo imeonekana haina askari, na mimi ni mzima. Kwamba alichoambiwa asubuhi hakikutoka kwenye damu ya mwanawe.

Aliendelea kupukuchua mpaka ganda lililokuwa mkononi likaisha.

"Hata mimi niliiinua juani," akasema.

"Wewe hukujua. Mimi ndiye niliyekupa."

"Kwa hiyo ana askari."

"Sijui."

"Hana?"

"Sijui, dada. Hatujui. Na dawa nyingine huenda isije."

Nilitegemea alie au anitukane, na nilikuwa tayari kwa yote mawili. Nilikuwa naona aibu ambayo sijaiona tena, aibu ya kukaa mbele ya mtu niliyemwambia atapata jibu, nikiwa sina kitu hata cha kumwekea mkononi. Yeye aliokota ganda jingine kwenye ungo.

"Asubuhi daktari alisema kitu ambacho sikuwa nakijua," akasema. "Nikaondoka nimekufa. Sasa umekuja na hili la kutojua. Hili nilikuwa nalo tangu Msangano. Nimelala nalo, nimelima nalo. Nilidhani ninyi hamnalo."

Akasukuma ungo kando. Akamfunua mtoto blanketi, akamwambia asimame, akamfuta uso kwa pindo la khanga, akamkagua mbele na nyuma. Nikamuuliza anakwenda wapi.

"Kama ingekuwa ni shule inayowaua, ningemficha," akasema. "Kama ingekuwa ni damu, ningembeba mgongoni mpaka mwisho. Sasa hakuna anayejua. Siwezi kumlaza mtoto mzima kwenye mkeka kwa sababu hakuna anayejua."

Dada yake alitoka jikoni akataka kumzuia, wakasemezana Kinamwanga haraka haraka, na dada mtu akarudi ndani akipiga mlango. Mama akamshika binti mkono, akageuka kwangu. Hakuniomba. Aliniambia tu nitangulie kwa sababu mwalimu mkuu ananijua.

Tulishuka njia ya shule tukiwa watatu. Binti alitembea kwa miguu yake, anaokota vijiwe, anatupa. Ilikuwa mchana, madarasa yanaimba jedwali la kuzidisha. Mwalimu mkuu alipotuona alifurahi, kisha akajikaza asionyeshe furaha, akatoa karatasi ya kuandikisha na kalamu. Jina la mtoto, mama akasema. Jina la baba. Mwaka wa kuzaliwa. Kijiji alichotoka. Kisha akafika kwenye mstari wa afya, akanitazama mimi na koti langu jeupe.

"Mtoto ni mzima?"

Mama naye alinigeukia. Alisubiri kama alivyokuwa akinisubiri pale kisimani, ameshika mkono wa mwanawe.

"Sijui, mwalimu," nikasema. "Mwandike."